Windows 10 imefikia mwisho: mashariki mwa Congo, swali ni programu inatoka wapi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Marekani ya Microsoft imeacha kutunza Windows 10 kama zamani. Mfumo huo ulitoka mwezi wa Julai 2015, na bado unaendesha kompyuta nyingi katika maofisi, mashule na vibanda vya kuchapa na kufotokopi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Asubuhi ya tarehe 15, hakuna mashine iliyokataa kuwaka. Word ilifunguka, printa ilitoa karatasi, wanafunzi waliendelea kuandika TFC zao. Kwa hiyo wengi waliamini kwamba hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Mlango uliokuwa ukitengenezwa kila mwezi, sasa hautengenezwi tena.

Mwenye mashine ya zamani huko Goma, Bukavu, Bunia, Butembo ama Lubumbashi anasikia mashauri mawili. La kwanza: nunua nyingine. La pili: leta mashine, tuiformate, tukuwekee Windows 11 kwa flashi. Shauri la kwanza linapita uwezo wa familia nyingi. La pili ni la bei nafuu, lakini linaweza kumuacha mtu katika hatari kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Kati ya hayo mawili kuna njia nyingine, na hata anayeanza anaweza kuzifuata akielewa mambo mawili: sistemu ni nini, na kusakinisha programu maana yake nini.

Msimamizi wa soko

Kompyuta ni vyuma na nyaya: prosesa inayofanya hesabu, memori inayoshika kazi ya sasa, diski inayohifadhi mafaili, kioo, klavie, betri. Vyuma hivyo peke yake havijui kitu. Mfumo wa uendeshaji, ambao watu wengi wanauita sistemu, ndio unaoviamrisha.

Mfano wa karibu ni msimamizi wa soko. Wauzaji ni wengi: mmoja ana mihogo, mwingine vitenge, mwingine samaki. Kila mmoja anajua biashara yake, lakini si yeye anayegawa meza, kufungua lango asubuhi, kushika funguo za depo na kuamua nani aingie. Hiyo ni kazi ya msimamizi. Katika kompyuta, wauzaji ni programu: Word, Firefox, VLC, WhatsApp. Msimamizi ni sistemu. Programu inapotaka kuhifadhi faili, kuchapa karatasi ama kutumia intaneti, inaomba kwa sistemu.

Windows ni msimamizi mmoja kati ya wengi. Kompyuta za Apple zina macOS. Simu nyingi zinazotumika Congo, ziwe Tecno, Itel ama Samsung, zina Android. Halafu kuna Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland. Wengi wanasikia jina la Linux na kufikiri ni jambo la wataalamu tu. Lakini kiini cha Android ni Linux. Kwa maneno mengine, mama anayepokea makuta kwa simu ya Android anatumia Linux kila siku bila kulijua jina lake.

Hapo ndipo anayeanza anapata jibu la swali linalomsumbua: kwa nini programu ya rafiki yake haifunguki kwake? Kila programu imeandikwa ili izungumze na msimamizi fulani. Faili linaloishia na .exe ni la Windows. Faili la .apk ni la Android. Ukilipeleka kwa msimamizi mwingine, lugha haipatani. Programu haijaharibika wala mashine si mbovu.

Ni nini kilichoisha Oktoba

Hakuna sistemu isiyo na matundu. Ni mamilioni ya mistari iliyoandikwa na watu, na kila mwezi makosa mapya yanagunduliwa. Mengine ni madogo. Mengine yanamruhusu mtu aliye mbali kuingia ndani ya mashine, kusoma mafaili, kuiba nywila ama kufunga kila kitu na kudai pesa. Microsoft inatoa viraka vya usalama kwa kawaida kila Jumanne ya pili ya mwezi. Ndivyo vinavyokuja chini ya jina la « mise à jour », yaani masasisho.

Kwa Windows 10, viraka hivyo vya bure kwa wote ndivyo vilivyokoma. Si mara ya kwanza jambo hili kutokea. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020.

Hatari ya kukaa bila viraka ilionekana duniani kote mwezi wa Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilishambulia kompyuta zaidi ya 200 000 katika inchi karibu 150. Vilikuwa vinafunga mafaili na kudai dola 300 za Marekani kwa bitcoin. Huko Uingereza, mahospitali yalilazimika kurudisha wagonjwa nyumbani na kuahirisha upasuaji. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoanguka zilikuwa za Windows 7, ambayo bado ilikuwa inatunzwa wakati ule. Wenyewe hawakuwa wameweka kiraka.

Somo hilo linaihusu Congo kwa njia mbili. Kwanza, sistemu iliyoachwa ni hatari. Pili, hata sistemu mpya ni hatari kama masasisho yake yamezimwa. Na mashariki mwa Congo, kuyazima ni mazoea. Sababu inaeleweka: mega ni ghali, na Windows inaweza kuzimaliza usiku mmoja. Mtu ananunua mega za juma zima, asubuhi anakuta zimekwisha. Fundi anamwonyesha namna ya kuzuia masasisho, naye anashukuru.

Kuna dawa iliyo bora kuliko kuzima kabisa. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, Windows ina sehemu ya kusema kwamba laini ni « connexion limitée ». Ikiwashwa, Windows inapunguza sana kile inachoshusha peke yake. Mwenye mashine anaweza kuchagua siku moja kwa mwezi, kisha Jumanne ya pili, akatafuta laini nzuri na kuweka masasisho kwa hiari yake. Ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja inaweza pia kuwasha « optimisation de la distribution »: mashine moja inashusha, nyingine zinachukua kwake bila kulipa mega mara ya pili.

Ikumbukwe pia kwamba Defender, mlinzi wa virusi anayekuja na Windows 10, ataendelea kupokea orodha ya virusi vipya hadi Oktoba 2028, kwa tangazo la Microsoft yenyewe. Ni msaada, lakini haitoshi. Mlinzi anayejua sura za wezi hazibi tundu lililo kwenye ukuta.

Njia zilizo wazi

Njia ya kwanza ni kuongeza muda. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya ziada kwa watu binafsi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anaweza kulipa dola 30, ama asilipe kitu akikubali kwamba mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine inapaswa kuwa na Windows 10 toleo la 22H2, na mwenyewe awe na akaunti hiyo. Kujiandikisha kunafanyika ndani ya Windows Update, katika « Paramètres ».

Njia ya kulipa ni ngumu kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, ambako mabenki yalifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025 wakati M23 ilipoingia, na ambako kadi ya kulipia kwenye intaneti ilikuwa ya wachache hata kabla ya hapo. Ndiyo sababu njia ya bila malipo inafaa kujulikana zaidi. Inahitaji intaneti na anwani ya imeili, si benki.

Njia ya pili ni kupanda Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Kupanda ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini mashine nyingi za mitumba zinakataliwa. Windows 11 inadai memori ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, vitu ambavyo wengi wanavyo. Kizuizi ni kingine: kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Laptopu nyingi zinazofika kwenye masoko ya hapa kutoka Dubai ama Ulaya ni za kizazi cha nne, cha tano ama cha sita. Bado zinafanya kazi vizuri, ila Microsoft haizitaki.

Kabla ya kukata tamaa, kuna la kuhakikisha. Programu ya Microsoft inayoitwa « Contrôle d'intégrité du PC » inaonyesha kama mashine inakubalika na kama haikubaliki kwa sababu gani. Mara nyingine TPM ipo ila imezimwa katika mipangilio ya chini ya mashine, na fundi anaweza kuiwasha kwa dakika chache.

Njia ya tatu ni Linux. Ni bure, inaruhusiwa na sheria, na inafaa mashine za zamani. Linux Mint, mojawapo ya zile zinazowafaa wanaoanza, inaomba memori ya gigabaiti 2 kwa uchache, na gigabaiti 4 ili mtu afanye kazi vizuri. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni jina lingine linalojulikana. Matoleo yake ya muda mrefu yanatunzwa miaka mitano: lile la Aprili 2024 litapata viraka hadi mwaka 2029. Zote mbili zina menyu za Kifaransa, ambacho ndicho wanafunzi wengi wa Congo walijifunzia kompyuta.

Faida kubwa kwa anayeogopa ni kwamba Linux inaweza kujaribiwa kwanza. Mashine inawashwa kutoka kwenye flashi, na Linux inatembea bila kugusa diski. Mtu anaangalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inatambuliwa. Akizima na kuchomoa flashi, anakuta Windows yake kama alivyoiacha.

Lakini kusema kwamba Linux inafaa kila mtu ni kudanganya. Mhasibu anayetumia Sage kwa hesabu za OHADA ana programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Kuna printa na skana ambazo kampuni zake hazikutengeneza dereva ya Linux. Faili la Word lenye mapambo mengi linaweza kupoteza mpangilio likifunguliwa katika LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayokuja na Linux Mint. Kibanda kinachopokea mafaili ya wateja mia moja, kila mmoja na mpangilio wake, kinapaswa kupima jambo hili kwa uangalifu. Mwanafunzi anayeandika, anayesoma PDF na kufungua intaneti, yeye hatakosa kitu kikubwa.

Njia ya nne ni kuitoa mashine kwenye intaneti na kuitumia kwa kuandika na kuchapa tu. Inapunguza hatari, haiiondoi. Katika miji yetu virusi vingi havingoji intaneti, vinasafiri kwa flashi.

Njia isiyo njia

Inabaki ile ya Windows 11 ya flashi. Hapa panahitaji kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza ni kuiweka Windows 11 ya kweli kwa nguvu kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na mafundi wanajua namna. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazihakikishiwi masasisho. Mteja anaona sura mpya na anafurahi, kumbe anaweza kurudi pale pale alipokuwa: bila viraka.

La pili ni baya zaidi. Ni Windows iliyochezewa, ama Windows ya kweli iliyofunguliwa kwa kraki. Kraki ni programu ndogo inayodanganya sistemu ili iamini kwamba imelipiwa. Ili iweze kufanya hivyo, inaomba ruhusa kubwa kuliko zote. Na karibu kila mara maelezo yake yanaanza na amri moja: zima antivirusi kwanza.

Amri hiyo inapaswa kumshtua yeyote. Mgeni anafika usiku, anaomba mlinzi wa nyumba aende kulala kwanza, kisha afunguliwe mlango. Pengine hana nia mbaya. Pengine anayo. Tayari hakuna wa kuangalia. Wataalamu wa usalama wameona mara nyingi kraki zinazobeba ndani yake programu za kuiba nywila ama za kutumia prosesa ya mtu kwa faida ya mwingine. Mwenye mashine anajua tu kwamba imekuwa nzito na betri inaisha haraka.

Kwa kibanda cha kuchapa, hasara haimkuti mwenye kibanda peke yake. Kompyuta ile inapokea kila siku kadi za uchaguzi, vyeti vya shule, CV, mikataba ya viwanja, barua za korti. Flashi ya mteja inaingia, inatoka, inakwenda kwenye ofisi, kutoka ofisi kwenye shule. Mashine moja yenye virusi inaweza kuambukiza mtaa mzima. Sheria nayo imeanza kuangalia mambo haya: Congo ina Code du numérique tangu Machi 2023, na ndani yake kuna sura za makosa ya mtandaoni na za ulinzi wa habari za watu binafsi. Anayeshika hati za wengine hawezi tena kusema kwamba usalama wa mashine ni shauri lake mwenyewe.

Haifai kuwatupia mafundi lawama zote. Fundi anajibu ombi la mteja asiye na pesa za leseni, katika inchi ambako leseni moja inaweza kupita mshahara wa mwalimu wa mwezi. Ndiyo maana jibu haliwezi kuwa kukataza tu. Jibu ni kuonyesha kwamba kuna vitu vya bure vilivyo halali, na kwamba vinaweza kugawanywa kwa flashi vilevile.

Kusakinisha: kinachotokea unapobonyeza « Suivant »

Kusakinisha, ama « kuinstale » kama vijana wanavyosema, si kukopi faili. Mtu akikopi muziki, faili linakaa mahali pamoja basi. Programu inaposakinishwa, inasambaza vipande vyake sehemu nyingi za diski, inajiandikisha kwa msimamizi, na mara nyingine inaomba iwe inaanza yenyewe kila mashine inapowaka. Kwa hiyo kufuta kialama chake kwenye kioo hakuiondoi. Inaondolewa kupitia « Applications » katika « Paramètres ».

Kabla ya hapo, Windows inasimamisha kila kitu na kuuliza kama mwenye mashine anairuhusu programu hiyo ifanye mabadiliko. Wengi wanabonyeza « Oui » bila kusoma. Ni swali muhimu kuliko yote, kwa sababu ndipo msimamizi anapomuuliza mwenye soko: nimfungulie huyu? Chini ya swali limeandikwa jina la « Éditeur », yaani aliyetengeneza programu. Kama ni VLC, panapaswa kuonekana VideoLAN. Kama ni Firefox, Mozilla. Jina likiwa « Inconnu » kwenye programu inayodai kuwa ya kampuni kubwa, jibu la busara ni « Non ».

Programu nzuri inatafutwa kwa aliyeitengeneza, si kwenye jibu la kwanza la Google. Mara nyingi jibu la kwanza ni tangazo lililolipiwa, na kitufe kikubwa cha kijani « Télécharger » kinashusha kitu kingine kabisa. Wakati wa kusakinisha, anayebonyeza « Suivant » mara tano bila kuangalia anaweza kujikuta na antivirusi asiyoihitaji na ukurasa mpya wa intaneti asiouchagua. Visanduku vya nyongeza hizo huwa vimetiwa alama tayari, na kuviondoa ni kazi ya sekunde moja.

Kwenye Linux, na kwenye Android pia, programu nyingi zinatoka kwenye duka moja la ndani, na masasisho yake yanakuja kwa mlango huo huo. Ndiyo sababu hatari inapungua. Ila inarudi mtu anapopokea faili la .apk kupitia Xender ama Bluetooth, hasa WhatsApp zilizogeuzwa zinazoahidi rangi na vipaji vipya. WhatsApp yenyewe imeonya kwamba wanaozitumia wanaweza kufungiwa akaunti.

Kwa anayetaka kubadilisha sistemu nzima, mambo matatu yanatangulia. Kwanza, kukopi kila kitu cha maana kwenye diski ya nje, na TFC ikae sehemu mbili tofauti. Pili, kuchomeka mashine kwenye umeme huku betri imejaa: SNEL ikikata katikati ya kazi, sistemu inaweza kushindwa kuwaka. Tatu, kusoma ukurasa wa Linux unaouliza kuhusu diski. « Effacer le disque et installer » ni maneno manne ama matano, lakini yanafuta picha za arusi, mafaili ya kazi na Windows yenyewe. Anayetaka kuhifadhi Windows achague kusakinisha kando yake, kama diski ina nafasi.

Flashi inaweza kuwa dawa

Faili la Linux Mint lina karibu gigabaiti 3. Kwa mega za mtu mmoja ni mzigo. Lakini likishashushwa mara moja, kwenye chuo kikuu ama kwenye ofisi yenye laini nzuri, linaweza kukopiwa kwa flashi mia moja bila kuvunja sheria, kwa sababu leseni yake inaruhusu kugawa.

Swali linabaki: anayepokea nakala ya kumi atajuaje kwamba haikuchezewa njiani? Jibu lipo, na watu wachache wanalijua. Watengenezaji wa Linux wanatangaza, pamoja na kila faili, mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA256. Ni kama alama ya kidole ya faili. Likibadilishwa hata herufi moja ndani, alama yote inakuwa nyingine. Kwenye Windows, mtu anafungua « Invite de commandes », anaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na mashine inatoa alama. Akiilinganisha na ile iliyo kwenye ukurasa wa watengenezaji, ataona kama nakala ni ile ile. Kusoma ukurasa huo kwa simu hakuhitaji hata mega moja kamili kama ni maandishi tu.

Hapo ndipo mazoea ya hapa yanaweza kugeuka nguvu. Watu wa mashariki mwa Congo walijifunza zamani kugawana mafaili kwa mkono, kwa sababu intaneti ni ghali na inakatika. Kugawana si kosa. Kosa ni kugawana bila kujua asili. Chuo kimoja, parokia moja ama kikundi cha mafundi wa mtaa mmoja kinaweza kushusha mafaili safi mara moja kwa miezi michache: Linux Mint, LibreOffice, Firefox, VLC. Kinaweza kubandika alama zake ukutani na kuyatoa kwa kila anayekuja na flashi yake. Fundi naye anaendelea kulipwa kwa kazi yake ya kusakinisha na kufundisha, bila kuuza kile asichojua kilichomo.

Kwa kila mmoja, hatua ya kwanza haigharimu kitu. Ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika winver, na kusoma. Kama jibu ni Windows 10, mwenyewe anajua sasa amesimama wapi: viraka vya ziada hadi Oktoba 2026 kwa aliyejiandikisha, na Defender hadi 2028, ambayo haizibi matundu. Kama ni Windows 7, ambayo bado inaonekana kwenye mashine za maofisi fulani, miaka imeshapita tangu iachwe, na kungoja zaidi hakuna maana. Kama ni Windows 11 iliyowekwa na mtu mwingine, swali la kumuuliza fundi ni moja na ni rahisi: faili lilitoka wapi, na je, masasisho yanaingia?